Tableti Mbili, Wi-Fi Moja

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa Ndabibi tuko salama, na ng'ombe amezaa. Uliuliza kama tableti uliyotutumia ina kasi zaidi kuliko ile ya zamani. Tulizijaribu chumbani. Mpya ilifungua video ya mtoto wako mara moja, ile kuukuu ikabaki ikizungusha kiduara tu. Nyanya yako Shosho akasema, "Hiyo tupa."

Nikakumbuka darasa la tatu. Niliitwa mzito wa kuelewa hadi mwalimu aliponihamishia dawati la mbele, kumbe nilikuwa sisikii vizuri. Basi nikaipeleka ile kuukuu sebuleni, karibu na kifaa cha Wi-Fi. Bado ni ya pili kwa kasi, lakini video ilicheza. Shosho ameishikilia tangu asubuhi, anamtazama kitukuu wake akijifunza kutembea.

Babu yako, Guka