Pikipiki Nyepesi ya Bramwel

Kavutha, pikipiki imeniangukia mbele ya lango la shule, wazazi wakitazama.

Iliinama kidogo tu nilipokuwa nikiigeuza. Kidogo tu. Bega hili lililopasuliwa likakataa kabisa, nikabaki nimebanwa mguu hadi bawabu na mzazi mmoja walipoiinua.

Unajua kwamba sikuichagua kwa sababu ya rangi. Tangazo lilisema toleo hili jipya limepunguzwa kilo nane, naye Bramwel wa kanisani kwetu, aliyeniuzia, alinihakikishia kwamba hata bega bovu litaimudu.

Nimetoka dukani kwake sasa hivi. Nilimuuliza zile kilo nane zimekwenda wapi.

Akacheka. "Si ni zile vyuma nilikufungia, mwalimu? Gadi ya mbele, gadi ya nyuma, na keria. Na nilikupea bure."

Ile zawadi, Kavutha. Ile niliyomshukuru mbele ya watu.

Nikamwambia, "Kwa hiyo ulijua kwamba imekuwa nzito kama ile ya zamani."

"Imeshinda hata hiyo ya zamani," akajibu bila haya. "Ile nyepesi ni ya picha, mwalimu. Hapa Nairobi nani anapanda pikipiki bila vyuma? Na ningekuambia, ungenunua?"

Ningekuambia, ungenunua. Hivyo ndivyo alivyosema, huku akinitazama usoni.

Kavutha, siku ya upasuaji ni yeye aliyeliwekea bega hili mkono akaliombea.