Mkwe juu ya bampa

Shehe, uko wapi? Leo nimeaibika, sijui uso wangu niuweke wapi.

Nilikuwa namrudisha kwake Quitunda mkwe wangu, mama yake mke wangu Biubwa. Unanijua, mimi hata kula mbele ya mkwe siwezi. Gari nyuma kushoto kila shimo linagonga ko! ko! Nikapita kwa fundi Nilton hapa Palma.

Nilton akalitingisha, kimya. Nikalitingisha mimi, kimya. Akasema, "Hili linataka uzito juu ya bampa."

Halafu akamtazama mkwe. AKAMTAZAMA MKWE, Shehe! Nilton katoka Beira, mambo ya ukwe hayajui.

Mama wa watu akavua viatu, akakaza kanga kiunoni, akapanda, akaruka. Ko!

"Força, mamã! Kaza!" Nilton anamhimiza. Ko! Ko!

Mimi nimegeukia ukuta. Nitamwangaliaje mkwe akiruka?

Nilton yuko chini ya gari anapiga kelele, "Nimeuona! Mpira wa shokapu umekwisha!" Akabadilisha. Mkwe akaruka tena, gari kimya kabisa.

Mkwe akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Njia nzima nilidhani ni unene wangu, nikawa nabana pumzi gari lipate wepesi."

Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa sikia. Ndiyo kwanza nimemfikisha kwake, Nilton kapiga simu. Kuna lori la samaki linagonga, wameruka wanaume watatu halijasema kitu. Anauliza mamã yuko wapi.

Nikamjibu Nilton, mkwe kapumzika.

Shehe, nageuka hivi, mkwe huyu hapa mlangoni, keshakaza kanga kiunoni.