Sebule ya Magurudumu Mawili

Kwa binti yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kwanza, mama, kabla hujapokea malalamiko yangu. Hujambo? Mjukuu wangu meno yameshatoka, au bado anawanyima usingizi? Na mumeo, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu nitalia tu mpaka salio liishe na wewe hujaelewa kitu. Afadhali karatasi. Mwandiko wangu unaujua, ukikwama soma kwa sauti utanisikia.

Ni mdogo wako. Amenichosha.

Unajua anapeleka vifurushi kwa pikipiki, kuvuka ule msitu mpaka mji wa pili. Njia yote ni kokoto, nyumba hakuna, mtandao hakuna. Ndiyo maana wenzake huenda kwa kundi, mmoja akipata pancha wote wanasimama. Kiongozi wao ni yule mrefu wanayemwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna breki. Wakati wa kiangazi mmoja wao aliteleza akavunjika mguu katikati ya msitu, na kama si wenzake kumbeba, leo tungekuwa tunamwita marehemu. Basi kwa kuyajua hayo yote, ndugu yako anaenda peke yake. Peke yake, mama! Kila akitoka mimi nabaki nasikiliza barabara kama mwehu.

Nimemuuliza mpaka ulimi umeota sugu. Kwanza alisema anayekaa nyuma ya kundi anakula vumbi. Nikamshonea kitambaa cha kufunga mdomoni. Akasema wanakwenda mwendo wa konokono. Halafu eti wanasimama kila mahali kunywa chai. Nikamwambia hakuna aliyewahi kufa kwa chai. Nikamkumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, akanijibu kwamba yeye hana chawa. Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

Jumatatu nikasema liwalo na liwe, nikaenda mwenyewe kijiweni kwao kumuuliza Breki. Hapo lazima nikueleze habari ya kiti. Kile kiti cha pikipiki kilikuwa kimekauka kama ubao, mdogo wako akishuka anatembea kama babu yake. Mimi kule karakana ya makochi nikaomba mabaki ya sponji, fundi mkuu akanipa. Nikaweka nene chini, laini juu, nikachonga na kibonde cha kukalia. Kitambaa nikatumia kile kilichobaki kwenye kochi la mteja, cha kahawia chenye maua makubwa. Nikapiga na vifungo vya kuzamisha, pembeni nikazungushia shada la nyuzi. Sikufanya kwa maringo, ndivyo ninavyojua kushona. Mimi maisha yangu yote nimeshona makochi tu. Naye alipokikalia alisema anajiona kama mgeni aliyekuja kuposa.

Kumbe hicho ndicho kilichotuponza. Breki alikuna kichwa, akaliangalia tairi, ndipo akasema. Ile pikipiki walikuwa wameipa jina, Sebule. Akifika tu, mmoja anabisha hodi, mwingine anaamrisha watu wavue viatu, mwingine anauliza rimoti iko wapi. Ndugu yako alikuwa akicheka nao, akiwajibu kwamba wenye miguu ya matope wabaki kibarazani. Mpaka siku moja mmoja wao akapitiliza, akasema huyu bado ananyonya, tofauti ni kwamba mama yake anatoa sponji. Hapo hakucheka tena. Akasema anayemtania yeye ni rafiki yake, lakini mama yake hayumo kwenye utani, akawasha pikipiki akaondoka. Tangu siku hiyo ndiyo yuko peke yake. Na Breki, pamoja na mdomo wake wote, siku hiyo alinyamaza. Aliniambia hivyo mwenyewe, na haya ilimshika.

Nilirudi nyumbani nachemka. Nikamwambia mdogo wako nitabandika ngozi nyeusi juu, sponji ni ileile, nani atajua. Akasema atajua yeye. Alipoingia kuoga nikaanza kufumua lile shada, akatoka na povu masikioni akanipokonya mkasi. Nikamuuliza kipi kikubwa, maua ya kochi au roho yake? Akasema suala si maua. Kichwa kigumu kama nati yenye kutu, na kutu hiyo ni ya baba yenu, Mungu amrehemu.

Sasa nakuungamia, na usipige kelele. Ulinikataza pikipiki kwa sababu ya goti langu. Leo nimepanda. Nilimwambia kama hana wa kufuatana naye, basi atafuatana na mimi. Nikavaa koti la baba yenu, nikakaa nyuma. Hapo ndipo nilipojua kwamba sponji yote niliiweka mbele! Nyuma sikugusa, ni ubao na chuma. Kila shimo liliniingia mpaka kwenye meno. Tulipopita kijiweni mtu alianza kubisha hodi, aliponiona ikamfia mdomoni. Tumeingia msituni, nikasikia injini nyuma yetu. Wote wamekuja, Breki mbele yao, wanakula vumbi letu. Nilifurahi, mama, nikasahau maumivu. Lakini tulipofika, mdogo wako akaniambia polepole kwamba hawamfuati yeye, wanamfuata mama wa mtu, na kesho mama hayupo. Na ni kweli! Nipande kila siku?

Basi nikasingizia goti, nikasema nitarudi na basi. Alinitazama, akajua, akaniacha. Nakuandikia huku mji wa pili, kwenye kaunta ya vifurushi, nimesimama, maana kukaa siwezi. Kabla ya kushika kalamu nilichungulia mlangoni nione wanavyoondoka. Wenzake walitangulia mbio, mvua ilikuwa inatishia kunyesha. Yeye akafunga mzigo taratibu, akaufungua, akaufunga tena, makusudi. Breki alikuwa amesimama pale kona, injini inanguruma, mguu mmoja chini. Ndugu yako akampita bila kugeuza shingo. Breki akangoja kidogo, akatia gia, akamfuata.

Wawili, mama. Wa mbele hakugeuka, wa nyuma hakuita, lakini walikuwa wawili mpaka miti ikawameza.

Usimpigie kumwambia nimekwambia. Msalimie mumeo, na mtoto mbusu kwenye ufizi. Basi langu linapiga honi.

Mimi mama yako, bado nimekasirika.