Ukuta Ulikuwa na Mzigo

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba uvuke njia ukakae barazani kwa Bi Salma, uisome barua hii hapo. Kama umesahau miwani, Khadija aliyekuletea atakusomea. Usiisome sebuleni. Najua umeshakunja uso kwa kuwa umeshafahamu kwa nini, lakini nifanyie hisani hiyo moja, vuka njia kwanza.

Je, miguu imepungua kuvimba? Na mdogo wangu Amina bado anajinyima chakula ili aenee katika nguo ya arusi? Mwambie nguo hupunguzwa na kuongezwa, mwenye nguo akizimia hana fundi. Mimi ni mzima wa mwili. Jikoni joto ni lile lile, tajiri hana neno, na mamake, yule Bibi aliyezaliwa Unguja, bado ananiomba mkate wa kumimina kila Alhamisi. Roho ndiyo haina raha. Leo ni siku ya tisa hupokei simu yangu. Amina ananiambia ukiiona inalia unaifunika na leso. Basi Khadija wa Ngomeni amemaliza mkataba wake na anarudi kwao, nikaona nimpe barua aikabidhi mkononi mwako. Simu inafunikika, Khadija hafunikiki.

Mama, naogopa dari ya sebule itaanguka. Arusi imebaki wiki tatu, na siku ya kupambwa Amina wanawake wa mtaa mzima watakuwa wamekaa chini ya dari hiyo, nawe katikati yao. Na hata kabla ya siku hiyo, wewe kila siku unalala chini yake.

Makosa ni yangu, na nataka niyakiri moja baada ya jingine hata kama unayajua. Mimi ndiye niliyekuona huna nafasi. Mimi ndiye niliyekaa jikoni kwa watu, nikatazama ukumbi wao ambao kwa ukubwa wake mtu akikaa huku hamwoni aliyekaa kule, nikasema nyumba ya babu nayo ipanuliwe, ukuta wa kati utolewe, vyumba viwili viwe sebule moja. Nilichora kwa kalamu ya mtoto wa tajiri nikakutumia picha. Ulipoipata hukusema ni mbaya wala nzuri. Ulisema utamwita Fundi Kombo aangalie.

Kisha ukanipigia. Nakumbuka nilikuwa nakuna nazi na simu nimeibana kwa bega. Ukasema, "Fundi Kombo asema ukuta ule una mzigo."

Mama, wallahi, nilichokiona kichwani ni sanduku lako la mninga, vyungu vya marehemu nyanya, magodoro ya wageni, na yale makapu yasiyo na mwenyewe ambayo miaka yote yamerundikwa kwenye ukuta ule. Nikakujibu, "Basi hamisheni hiyo mizigo chumba cha uani, mambo yaishe." Ukasema, "Haya."

Ile haya yako ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilidhani umekubali. Kumbe ulidhani nimemwelewa fundi na nimemfanyia kejeli, mzee wa watu aliyeanza kukandika kuta hizo na babake. Amina ndiye aliyenieleza juzi kwamba Fundi Kombo alipoambiwa jibu langu alicheka kidogo, akakusanya vyombo vyake vyote, akasema, "Mtoto ana pesa, atapata fundi," akaenda zake. Nami kwa kiburi nikampata kweli, kijana aliyejenga maduka Muyeye, mwepesi wa mkono na hodari wa kusema ndiyo. Siku mbili ukuta ukawa chini.

Yeye hata hivyo alijua angalau kidogo, si kama mimi nisiyejua kabisa. Alilaza mti mmoja mnene juu, akausimamishia nguzo tatu. Nilipotumiwa picha nikaona nguzo ya kati imesimama mbele ya mahali pa kiti cha bi arusi, nikasema iondoke. Ikaondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na ukuta mzima usio na ufa, nikaulipia uvunjwe.

Na dalili ulinipa, Mama. Ulinambia kila asubuhi wafagia unga mweupe sakafuni, nikasema ni mchwa, nunueni dawa. Ulinambia mlango wa sebule umeanza kukwama juu, nikasema ni mvua, mbao zimevimba, ukamwita seremala akaupiga randa. Wiki ya pili ukakwama tena, akaupiga randa tena. Sasa najua mlango haukuvimba. Ni dari iliyokuwa inashuka juu yake.

Nimejuaje? Kwa kujigamba. Bibi ana nyumba ya babake ya zamani huku mjini, ya mawe na chokaa kama yetu, na inatengenezwa. Mimi ndiye ninayewapelekea mafundi chakula cha mchana. Mkubwa wao ni Mzee Nassor, mtu wa Unguja naye, mpole, hutafuna polepole. Jumatano ya wiki iliyopita nikamtolea simu nimwonyeshe sebule yetu ilivyopakwa rangi, ajue na sisi Malindi tuna watu.

"Pazuri," akasema. Kisha akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. "Hapa katikati hapakuwa na ukuta?"

"Ulikuwapo, tukautoa. Ulikuwa unabana tu."

"Na boriti hizi zinashikwa na nini?"

Nikamwonyesha ule mti na nguzo zake mbili, nikamwambia kwa furaha kwamba ya tatu niliiondosha mwenyewe.

Aliweka sahani chini. "Nani analala chini ya hapa?"

"Mama."

Kisha akachukua vijiti viwili vifupi vya taka za ujenzi, akavilaza ncha kwa ncha juu ya ukingo wa tofali, ncha za nje juu ya mawe mawili, akaniambia nitazame. Boriti ni fupi, akasema, haziwezi kuvuka vyumba viwili. Huja hizi kutoka huku na zile kutoka kule, zikakutana juu ya ukuta wa kati. Juu yake kuna mawe na chokaa ya unene wa mkono mzima. Ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba, si kwamba wazee hawakujua raha. Nyumba hufuata boriti. Akalitoa lile tofali, vijiti vikaanguka.

"Ukuta ule ulikuwa na mzigo, binti yangu," akasema.

Hapo ndipo neno liliponirudia. Lilikuwa lile lile ulilonambia wewe, na mara hii sikuona sanduku. Nilikaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu ya kazini, nikalia mbele ya mafundi.

Ndipo nikakupigia, na nikaanza kwa kelele badala ya kuanza kwa salamu. Nisamehe. Ulinijibu, "Weye ulinambia nibomoe, nikabomoa. Sasa weye tena wanambia nihame. Kesho utanambia nini? Na Fundi Kombo n'mtazame kwa uso upi?" Nami nikakutamkia neno ambalo mtoto hamtamkii mzazi, kwamba basi arusi haitakuwapo. Ukakata simu. Ulikuwa na haki. Lakini dari haijui nani ana haki, Mama, na haitangoja tupatane.

Najua unaona aibu, kwa kuwa umeshawaonyesha majirani wote sebule na wote wamesifu. Aibu hiyo nipe mimi. Waambie Zuhura ndiye aliyeharibu kwa ujuaji wake, sema hata kwa sauti. Karatasi ya pili iliyomo humu ni ya Fundi Kombo. Nimemwandikia kwamba nilisikia mizigo pale yeye aliposema mzigo, na kwamba sikumcheka. Nimemwomba aje leo leo na vigogo vya miti aitegemeze dari kabla mtu hajaingia humo, kisha aujenge ukuta pale pale ulipokuwa, kwa mawe na chokaa, kwa mwendo wake mwenyewe. Khadija ataipeleka. Huna haja ya kumtazama mtu.

Nikwambie na hili, nimelificha tangu nikiwa bi arusi. Siku ya kupambwa kwangu wanawake walijaa vyumba vyote viwili, nawe ulisimama mlangoni, kwenye ukuta ule ule, ukipokea masinia huku na kuyapitisha kule. Mimi nilikuwa nimekaa na maua kichwani nakutazama mgongo. Nilingoja ugeuke. Walipokuita uje unione, tayari nilikuwa nimeshafunikwa natolewa. Nilipopata mshahara wa kwanza nikasema Amina haitampata hiyo, ukuta ule nitauondoa. Sikukusudia kingine, Mama. Nilitaka tu uone.

Kwa hiyo apambwe uwanjani kwa Bi Salma. Lile turubai la msikiti linaenea pale, na hakuna ukuta wa kukuzuia. Masinia wape wengine, wewe kaa mbele.

Nisalimie Amina, namwombea heri, na kama analia kwa ajili ya sebule mwambie dadake naye analia. Nisalimie mjomba Ali wa Muyeye, asibishane na Fundi Kombo kuhusu saruji, namjua. Nisalimie shangazi anayekuja na wenzake kutoka Lamu, wafikie kwa Bi Salma moja kwa moja, wasipitie kwetu hata kuweka mabegi. Bi Salma mwenyewe mshukuru kwa baraza, najua hapo alipo amesikia kila neno.

Khadija nimemwapisha haondoki hapo mpaka aone kwa macho yake godoro lako limevuka njia. Usiingie wewe kulitoa, wala Amina. Mjomba aliburure kwa kamba kutoka mlangoni. Sanduku la mninga liacheni, vyungu viacheni, vikivunjika vivunjike. Nilisema mhamishe mizigo bila kujua ninachosema. Leo najua, Mama, na sina mwingine ila wewe.

Mwanao akungojeaye kwenye simu,
Zuhura