Bakuli la Mahindi na Supu ya Pweza

Mama Salumu,

Salamu zikukute mzima huko Kilwa. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikumuomba mtu.

Mie hapa Kunduchi sijambo, ila mwanao hasemi nami, leo siku ya tatu. Amejitia kuuza mabakuli ya plastiki iliyotengenezwa kwa mahindi. Ati ukiyafukia yanaoza kama maganda ya ndizi. Nikamwambia, "Mie nimekaanga samaki miaka arobaini. Hili bakuli moto haliuwezi." Akanijibu, "Baba, haya ni ya matunda na kachumbari. Nani kakwambia utie moto?" Akacheka, na mkewe naye akacheka.

Juzi akaja mama mmoja wa hotelini kuyakagua, maana walitaka kuagiza mengi. Nikachota supu ya pweza inatokota, nikaimimina mbele yake. Bakuli likalegea, likajikunja kama jani kwenye jua, supu yote ikamwagikia mezani na kwenye gauni lake. Nikamuuliza Salumu, "Haya, mjinga nani?" Yule mama akafunga daftari lake, akaondoka bila kuagiza hata moja.

Nilisema kweli, na mie sijapata kukosea. Ila sasa chakula naletewa peke yangu barazani, kimeshapoa, ndani ya bakuli la mahindi kama lile. Wala halivuji.

Mungu akuweke, mke wangu. Nikirudi nipikie cha moto, unitilie kwenye bakuli letu la bati.

Mumeo, Athumani