Ulizikwa Bila Utani

Perpetua, huna adabu. Kufa hakujakupunguzia kitu, nakwambia kama nilivyokuwa nakwambia ukiwa na pumzi. Tulikubaliana mimi ndiye nitangulie. Mimi ndiye mwenye kifua kibovu, mimi ndiye ninayepumzika kila kona kabla sijafika kisimani. Wewe ulikuwa unapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku unawasema watu. Halafu unalala jioni, asubuhi huamki. Nani alikutuma?

Naandika mwenyewe. Sikupita darasa la nne, unajua, lakini mkono ni wangu na sitaki mjukuu anitungie maneno. Haya ningeyasema siku ya kukuzika, nikazuiwa. Kwa hiyo yasome.

Siku ile nilikuja kama inavyotakiwa. Nilivaa kanga nje ndani, nikajifunga ungo mgongoni, nikashika mwiko. Ukoo wetu na ukoo wenu ni watani, tumezikana tangu kabla ya bibi zetu, hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Jeneza lilipotoka mlangoni nikajilaza njiani, chali, kwenye matope yaleyale. Nikapiga kelele: "Rudisheni huyo ndani! Hajafa huyo, anajifanya. Palizi imefika, anakwepa jembe!" Wanawake wa jikoni wakaanza kucheka. Nikaona mabega ya Fausta, binti yako, yanatikisika. Nikasema haya, inaingia.

Hapo ndipo alipokuja mwanao Deo. Koti jeusi, viatu vinang'aa, nyuma yake wenzake wa kazini kutoka Dar na kijana wa kupiga video. Najua, mjomba wake alimchukua angali mdogo, kakulia huko, misiba yetu haijui. Lakini alinishika hapa juu ya kiwiko akaniinua kama gunia. "Bi mkubwa, tafadhali, heshimu msiba. Huu si wakati wa utani."

Si wakati wa utani! Mtu amekufa. Kama huo si wakati wake, wakati wake upi, sikukuu? Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, wakanipa maji ya chupa. Mimi. Maji ya chupa. Ukapita mbele yangu umebebwa kimya, anaongea mwenye kipaza sauti peke yake. Hata katekista mzee aliniangalia akainamisha kichwa, yeye ambaye miaka yote alikuwa anafunga kitabu chake anatusubiri watani tumalize.

Tatizo neno lenyewe wamelichukua wakalivalisha nguo nyingine. Siku hizi kila kitu utani. Mwenye duka anapunja sukari, ukimkamata, "natania tu bibi." Binti wa jirani alinipigia simu kwamba fuso limepinduka na ndizi zangu zote, nikakaa chini, kumbe anacheka na wenzake, "tunakutania bibi." Nikamuuliza, ukoo wenu na wangu tumezikana lini? Huo ni uongo, uite uongo. Mtani ni mtu atakayekuosha siku ukifa. Ndiyo maana ana ruhusa ya kukutukana ukiwa hai.

Wewe ulinionyesha hilo. Mume wangu Kornelio alipofariki sikula, sikulia, nilikaa kwenye mkeka kama jiwe la kusagia. Ukaingia umevaa suruali yake na kofia yake, unauburuta mguu kama alivyokuwa anauburuta. Ukafunua sufuria, ukanusa. "We mwanamke, ugali wako una madonge tangu nikuoe, mpaka nimeamua kufa!" Nilicheka, Perpetua. Nilicheka mpaka kicheko kikavunjika katikati, ndipo nikalia, na nilipomaliza kulia nikasikia njaa. Ukanilisha kwa mkono wako, suruali ya marehemu bado umeivaa. Huo ndio utani. Ni kazi. Wengine wanachimba kaburi, wengine wanapika, mtani anamrudisha mfiwa.

Fausta wako hakurudishwa. Alikuwa anaamka, anafagia, anapikia watu, yeye hali. Ukimuuliza, "nimeshakula mama." Magauni yakawa yanamvuka mabegani. Mdalasini uliachwa bila kumenywa, kuku wakahamia mtini. Kila nikipita ananiamkia, lakini ile shikamoo haikuwa na mtu ndani. Nikaogopa. Nikaona huyu anakufuata, nami nimekaa na kazi ambayo hawakuniacha niimalize.

Siku ya kuondoa tanga Deo alirudi. Sikumwomba ruhusa. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikavaa gauni lako la kijani lenye kiraka, nikafunga kilemba chako, nikabeba kikapu chako. Nikatokea uani mkono kiunoni, nikakohoa kile kikohozi chako cha kuwaonya wanaokusengenya. "Fausta! Hizi ndizi umezimenya au umezichonga? Nimetoka juzi tu, nyumba imeshakuwa zizi!"

Akageuka. Kisu kikamdondoka. Akacheka kwa pua kwanza, halafu kwa mdomo, halafu akakaa chini akakuita. Alikuita, Perpetua, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sikumnyamazisha. Alipochoka nikammegea ugali, akala. Akaomba mchuzi.

Deo alikuwa amesimama, koti mkononi. Nikamgeukia nikiwa bado ni wewe. "Na wewe mbona huamkii?"

Akaliweka koti chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulinizika kama mtu asiye na watani."

Akachuchumaa palepale, akaficha uso kwenye gauni lako, mwanaume mzima. Nikamwacha. Baadaye katekista akamnong'oneza jambo, Deo akaenda kumkimbiza jogoo uani na vile viatu vyake, akaniletea kwa mikono miwili. Jogoo wa mtani, ujira wa kazi yake. Nimemla, alikuwa mgumu kama wewe.

Basi lala. Gauni lako ninalo, silirudishi. Kaburi lako nitalipalilia mimi kila mvua zikianza, maana wewe palizi ulishaikwepa, na Fausta nitamwangalia mpaka siku nitakayokufuata. Sijui huku nani atanitukana tena. Nyumba ina watu wengi wenye adabu, inachosha.

Na wewe Deo, utaisoma barua hii kabla sijaifukia kaburini kwa mama yako. Mtoto wa kwetu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo wewe ni mtani wangu, upende usipende. Siku yangu ikifika, koti liache Dar. Vaa gauni langu la bluu, ulale njiani mbele ya jeneza langu, kwenye matope, na usiinuke mpaka wanangu wacheke.