Njia ya Ng'ombe wa Baba

Shambani, 4 Machi 1997

Mdogo wangu Curtis,

Hujambo? Huku hatujambo, ila goti la Baba bado linamsumbua, na wewe simu zangu hupokei.

Kitabu cha ofisi yenu ya jimbo, cha kuwavutia wenye viwanda, kimefika. Picha nzuri kweli! Reli, bandari za ziwani, barabara kuu. Eti kutoka jimbo letu lori hufika popote kwa siku moja. Hongera. Wewe uko Madison, makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa mbili, na tangu Baba alipotia sahihi kuwauzia ardhi ya barabara, mwaka wa tatu huu, hujakanyaga hapa. Au huna lori?

Matingatinga ya barabara yenu mpya yamefika kati ya banda na malisho. Mbona sioni njia ya kupitishia ng'ombe chini ya barabara? Aliyemwahidi Baba ni wewe, mezani petu. Iko wapi?

Dada yako,
Darlene

Madison, 19 Machi 1997

Dada mpendwa,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Mpe Baba pole ya goti.

Punguza hasira. Michoro hubadilika. Kiwanda cha karatasi kinakuja kwa sababu ya barabara hii, ajira mia nne, Darlene! Ng'ombe wanaweza kuzungukia daraja la jirani zetu akina Kettner, maili tatu tu.

Mdogo wako,
Curtis

Shambani, 23 Machi 1997

Curtis,

Sisi wazima. Maili tatu kwenda, tatu kurudi, kila siku ya Mungu, ng'ombe sitini viwele vimejaa, na mzee wa miaka sabini na nne anachechemea nyuma yao! Wewe ulizaliwa hapa kweli, au tulikuokota?

Nimempigia mhandisi. Anasema ile njia ilifutwa Oktoba 1994, na wewe ukaarifiwa. Baba alitia sahihi Novemba, mwezi mmoja baadaye! Ulikula pai yake ya tufaha, ukampa kalamu, huku unajua. Huna haya?

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Darlene

Madison, 2 Aprili 1997

Dada,

Natumaini hamjambo. Ndiyo, nilijua. Bila sahihi yake barabara ingehamishwa, na kiwanda kingekwenda jimbo jingine. Nilijiambia nitamweleza baadaye, siku zikapita. Nakusihi usimwambie. Nitakuja mwezi wa sita nimwambie mwenyewe.

Curtis, mdogo wako

Shambani, 9 Oktoba 1997

Curtis,

Goti la Baba halijambo. Siku hizi halina kazi.

Mwezi wa sita tulikungoja. Sikumwambia neno. Alikuwa akiwajibu majirani, "Wataijenga mwishoni, Curtis ameahidi," mpaka lami ikamwagwa. Jumanne aliuza ng'ombe wote. Alisimama mlangoni mwa banda akawaita kwa majina, mmoja mmoja, wakipanda lori. Mimi nilishindwa kutazama.

Dereva aliisifu barabara, eti sasa mnadani ni dakika arobaini. Baba akamwambia, "Mwanangu ndiye aliyeileta."

Alisema kwa fahari, Curtis. Sasa njoo umwambie.

Darlene